Bastola Arobaini za Injinia Msabaha

Ijumaa moja ya Oktoba mwaka tisini na nane, watu walipokuwa wakivaa viatu nje ya msikiti wa zamani wa Guangta, mjini Guangzhou, Uchina, Mzee Abdulsalam alitangaza kwamba duka lake la Kariakoo limevunjwa tena. Alitangaza kwa sauti ambayo hata muadhini hakuitumia mchana ule. Wezi walimkuta mlinzi amelala, wakamvua viatu, wakachukua upinde wake na mishale, wakamfunika shuka asipate baridi, ndipo wakaingia dukani kwa utulivu.

"Dawa yao bastola," alisema mzee. "Nikiwapa walinzi wangu bastola, nani atasogea?"

"Na leseni, mzee?" mtu mmoja akauliza.

"Leseni ya nini? Ukiomba leseni wanakuuliza habari za kodi."

Waliosikia wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaenda zao kula. Mmoja tu alibaki ameinama, akifunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Huyo ndiye Msabaha, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kazi.

Msabaha alikuwa mtu wa Tanga aliyefika Guangzhou kwa kupitia Bangkok, na cheo cha Injinia alijipa mwenyewe ndani ya ndege, mahali ambapo vyeti havikaguliwi. Kwao alikuwa akitengeneza majiko ya mafuta na vyerehani. Alivitengeneza vizuri mno, na hapo ndipo panapouma: mikono yake ilikuwa na kipaji cha kweli. Angeweza kula kwa jasho lake mpaka uzeeni. Lakini Msabaha aliamini kwamba kazi ya halali iliumbiwa watu wasio na akili, na yeye akili alikuwa nayo tele.

Mama yake, Bi Dalila, alikuwa amewaambia Ngamiani nzima kwamba mwanawe anawajengea Wachina reli ya chini ya ardhi. Reli ilikuwa ikijengwa kweli. Msabaha aliwahi kupita karibu na shimo lake. Sasa viza ilikuwa inakwisha, tiketi ya kurudi anayo, na hana hata leso ya kumpelekea mama. Mtu wa kawaida anaweza kurudi mikono mitupu, watu wakamcheka wiki moja wakachoka. Injinia wa reli hawezi. Bi Dalila angekaa barazani mbele ya majirani akisubiri mizigo ishuke garini, na mizigo isingeshuka. Usingizi wa Msabaha ulikuwa ukikatika kwa ajili ya picha hiyo, nasi tumpe haki yake: alimpenda mama yake kweli, ila alipenda zaidi mama asimfahamu.

Siku ya pili yake akaenda mtaa wa Yide, kwenye maduka ya jumla ya vitu vya watoto. Chini ya ngazi za duka moja alikumbuka kuona boksi la bastola za kuchezea, zile zinazorusha gololi ndogo za plastiki. Rangi yake ilikuwa kijani cha sabuni ya kufulia. Zilikuwa arobaini, zote mbovu, zimekataliwa na mnunuzi fulani mwenye macho.

"Laoban, hizi bei gani?" akamuuliza mwenye duka, mama mmoja aliyekuwa akila tambi.

"Bu yao, bu yao," mama akajibu, maana yake hazitaki, na akampungia kijiti cha kulia azitoe haraka. Alidhani ni mwokota taka. Akamwongezea na magazeti ya zamani.

Msabaha alikaa ghorofa ya sita huko Xiaobei, katika nyumba ambayo lifti yake ilikuwa ahadi tu. Akapandisha boksi, akafunga mlango, akatandika sinia la kulia wali ili skrubu zisipotee, na akafungua bastola ya kwanza. Skrubu nane. Ya tisa haikuwepo tangu kiwandani. Alipoachanisha pande mbili, springi iliruka, ikagonga ukuta, ikatua ndani ya sufuria ya maharage. Akaichota kwa upawa, akaitazama kwa dharau. Ilikuwa laini kama tambi za yule mama.

Hapo Msabaha akasahau utapeli kwa muda wa saa sita nzima. Akatoa springi ngumu katika mashine mbovu ya kushonea viatu, akaikata kwa plaizi, akaisugua ncha. Oringi, ule mpira wa pistoni, ilikuwa imekauka na kupasuka, hewa yote inavujia humo, basi akaazima ile ya bomba la jikoni, akaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, akapaka grisi. Bomba la jikoni likaanza kudondoka, naye hakulisikia. Mtutu ulikuwa unacheza, akaufungia ndani kipande cha antena ya redio. Kwenye mpini akajaza nati za chuma ili ukiushika uone umeshika kitu. Mwisho akapulizia rangi nyeusi ya magari, akafungua dirisha, akakohoa.

Rangi ilipokauka akasimamisha kopo la soda juu ya dirisha, akarudi mlangoni, akakoki, akafyatua. Kopo likatoboka mbele na nyuma.

Msabaha akakaa kitandani. Alikuwa na furaha ya fundi, ile ambayo mtu haiibi mahali, na kwa dakika kama tano hivi alifikiria kuzitengeneza zote arobaini namna ile ile. Kisha akakumbuka kwamba hiyo ingekuwa kazi. Akili ikamrudia. Zile thelathini na tisa akazijaza nati, akazipulizia rangi nyeusi, na ndani akaziacha kama Mungu alivyozijalia.

Mzee Abdulsalam, aliyeitwa aje kuona silaha, alipanda ngazi sita akipumzika kila ya pili, kisha akapandishwa na ya saba mpaka juu ya paa, kati ya nguo zilizoanikwa. Msabaha alikuwa ameweka makopo matatu ukutani.

"Shikamoo mzee. Karibu kwenye karakana."

"Marahaba. Karakana gani, mbona naona chupi za watu?"

"Tunajificha, mzee. Teknolojia hii wakiijua wenyewe wataichukua." Akatoa springi ya akiba, pacha wa ile aliyoitia ndani, akaiinua juani. "Itazame hii. Hii ndiyo roho ya chombo. Chuma cha reli ya chini ya ardhi."

Mzee akaishika kwa heshima. Msabaha akakoki, akafyatua mara tatu. Makopo matatu yakatoboka. Na hili lazima lisemwe, kwa sababu halikutokea tena: siku hiyo, juu ya paa lile, chombo chake hakikumdanganya mtu.

"Injinia," mzee akanong'ona, "hii inaua?"

"Mzee wangu, hii haiui. Hii inashawishi. Haina baruti, haina leseni, wala haina habari za kodi."

"Na mlinzi akilala?"

"Alale tu. Akilala nayo mkononi, mwizi atajuaje kama amelala au anamvizia?"

Mzee akacheka mpaka akashika kamba ya nguo. Akazitaka zote arobaini. Fedha hakutaka kutoa, kwa sababu fedha ilimuuma kuliko jino, lakini alikuwa ametoka Shiling, mji wa viwanda vya ngozi, na gari la kukodi limejaa mikoba ya kike ya ngozi. Msabaha akasema anaridhika: mkoba mmoja kwa bastola moja.

"Tai gui!" mzee akaruka. Aliishi Uchina siku nyingi kiasi kwamba hata akiuliziwa hali angejibu ghali mno. "Ngozi halisi hiyo! Mikoba ishirini."

"Arobaini, mzee. Na nitakupa na hii ya mfano, uliyoiona kwa macho yako, ndani ya arobaini hizo."

"Thelathini na tano."

"Mzee, mlinzi wako sasa hivi anatembea pekupeku."

Wakapeana mikono kwa arobaini. Mzee alikuwa akiwaza kwamba anapata silaha kwa bei ya mkoba. Msabaha alikuwa akiwaza kwamba anapata mkoba kwa bei ya rangi. Kila mmoja akamwonea mwenzake huruma kidogo, na kwa hiyo waliagana kwa upendo mkubwa.

Jumatano bidhaa zikakabidhiwa. Zilipangwa ndani ya boksi, nyeusi tititi, zikinuka gereji. Mzee akachukua moja, akataka kukoki.

"Mzee!" Msabaha akamshika mkono. "Usifanye hivyo. Springi mpya ni kama mzazi. Hutolewa nje akiwa na siku ngapi?"

"Arobaini."

"Basi. Ukimfyatua kabla, anaharibika daima. Na kontena litatembea baharini siku ngapi?"

"Kama arobaini."

"Mungu anavyopanga mambo!" akasema Msabaha.

Mzee Abdulsalam, ambaye asingekubali neno la daktari bila kulipinga, akaikubali arobaini mara moja. Arobaini ni namba yenye heshima zake. Tunayo ya mzazi, tunayo ya marehemu, na tunayo nyingine, ya mwizi, ambayo siku ile wote wawili haikuwajia kichwani.

"Na ile ya mfano?" mzee akauliza.

Msabaha akampa. Nasi tunasikitika kueleza alichokuwa amefanya nayo usiku uliotangulia. Springi ya akiba alikuwa ameipoteza, imedondokea kwenye shimo la choo, na akawaza kwamba huko Tanga nako kuna wazee wenye maduka na walinzi wenye usingizi. Basi akaifungua bastola, skrubu nane, akaitoa springi ile ngumu, akairudishia ile laini iliyotoka kwenye maharage. Alimwibia mteja hata kile kimoja alichomuuzia kwa haki. Springi akaitia mfuko wa shati.

"Hii nayo nimeifungua nikaipaka grisi mpya," akamwambia. "Kwa hiyo siku zake zimeanza upya."

Boksi la thelathini na tisa likapelekwa kwa Bi Kazija, likingojea kontena la Jumatatu. Bi Kazija alikuwa Mzanzibari aliyekuja Uchina kusomea meno na akaishia kupakia makontena ya wafanyabiashara wa kwetu. Kichina alikijua mpaka cha kugombana, na hakuna mtu Xiaobei aliyewahi kumcheka mara mbili.

Msabaha alikuwa na ndege ya Bangkok siku ya Jumamosi. Kufika kwa kontena Dar bado siku arobaini, kufunguliwa kwa boksi bado arobaini na kitu, na mpaka hapo yeye atakuwa Tanga, mama yake amebeba mkoba wa ngozi, na Ngamiani nzima inauliza bei. Methali humpa mwizi siku arobaini. Huyu alipewa tatu.

Uwanja wa ndege wa Baiyun, Jumamosi asubuhi, ulijaa watu wa kwetu, kwa sababu akisafiri mmoja husindikizwa na kumi, na katika kumi hao tisa wana vifurushi. Msabaha alikuja na mifuko miwili ya shangazi kaja iliyovimba mikoba. Akapima: zimebaki kilo mbili. Alikuwa hata hajauacha mzani alipokumbatiwa na Mzee Abdulsalam.

"Mwanangu Injinia! Nimekuja kukuaga. Na ninako kamzigo kadogo ka mke wangu, Bi Nahla. Viatu vya mjukuu tu."

Kilikuwa kifurushi kilichofungwa kwa kanga na kushonwa pande zote kwa uzi mwekundu, na jina limeandikwa kwa kalamu nene. Sasa, msomaji wa mbali anaweza kuuliza kwa nini Msabaha hakusema hapana. Huyo hajawahi kuishi ugenini na sisi. Unaweza kumnyima mwenzako chumba, ukamnyima hata salamu, watu wakasema una shida zako. Lakini ukakataa kubeba mzigo wa mtu nawe una kilo mbili tupu! Utasemwa mpaka kwenye mazishi yako. Na kuuliza ndani mna nini ni matusi, na kuufungua ni wizi. Msabaha alikuwa hajakatazwa na jambo lolote maishani mwake, ila hilo moja alilelewa nalo.

Tena mzee huyu, kati ya watu wote, hakutakiwa kuudhiwa asubuhi hiyo.

"Kwa furaha, mzee wangu," akasema, akakipokea. Viatu vya mjukuu vilikuwa vizito kama vya askari.

Bi Kazija naye alikuwepo, na bahasha ya makaratasi ya kontena akitafuta msafiri wa kuifikisha Dar. Akasimama kando ya kamba pamoja na mzee, akisubiri zamu yake ya kumtwisha mtu.

Msabaha akaweka mizigo kwenye mkanda wa mashine ya ukaguzi, akapita langoni. Lango likalia. Afisa mmoja kijana, mwenye miwani na chupa ya chai yenye majani yanayoelea, akampapasa, akatoa springi mfukoni mwa shati.

"Ya bahati," Msabaha akasema kwa ishara, akatabasamu. Springi ikawekwa kwenye kisahani cha plastiki.

Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Ukaja mbele. Aliyekuwa akitazama kioo akasimama, akamwita mwenzake, mwenzake akaita wawili. Kioo kilionyesha mtutu wa shaba, springi, na mpini uliojaa chuma. Mafundi wengi hufa bila kuona kazi yao ikithaminiwa namna hiyo.

Uzi mwekundu ukakatwa. Kanga ikafunguka, na harufu ya rangi ya magari ikamfikia Msabaha kabla hajaona kitu. Ilikuwa ile ya mfano, mzee amemtwisha ili imfikie mlinzi wake kabla ya kontena. Alikuwa amefungwa na mikono yake mwenyewe. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua kumi. Mzee Abdulsalam akaanza kuichunguza saa ya ukutani kama mtu aliyetumwa kuinunua.

"Wanju! Wanju!" Msabaha akapiga kelele kwa maafisa. Hilo ndilo neno la vitu vya kuchezea, alilijua tangu Yide. Kisha, akiona mzee amegeuza shingo, akamrushia kwa Kiswahili: "Nawaambia ni chombo cha thamani, mzee, wakishike taratibu!"

"Siyo hayo uliyowaambia," Bi Kazija akasema kwa sauti tulivu. "Mzee, anawaambia ni ya watoto kuchezea." Kisha akamgeukia afisa wa miwani, akasema naye Kichina kirefu. Afisa akainua nyusi.

"Umemwambia nini, dada?" Msabaha akauliza.

"Nimemwambia ulivyomwambia mzee. Mkalimani hafichi, mwanangu. Kanambia nisogee nisaidie."

Afisa akasema maneno machache, na Bi Kazija akayaleta yalivyo. "Anasema, kama ni chombo cha thamani, utakwenda na polisi, na Bangkok uisahau. Kama ni cha kuchezea, ithibitishe hapa hapa. Chagua."

Msabaha akatazama kulia, akawaona polisi wawili. Akatazama kushoto, akamwona Mzee Abdulsalam, ambaye alikuwa ameisahau saa kabisa. Akamwona pia mama yake, ambaye hakuwepo, amekaa barazani anasubiri mizigo. Aliogopa kweli, na hofu ilimfanyia jambo ambalo busara ilishindwa kwa miaka thelathini: akasema ukweli.

"Ni ya kuchezea. Haitoboi hata karatasi."

"Unasemaje?" Mzee Abdulsalam akaruka kamba. "Makopo matatu niliyaona mimi!"

"Ilitoboa, mzee. Siku ile."

"Na leo?"

Msabaha akatupa jicho pembeni. Mzee akafuata macho yake mpaka kwenye kisahani cha plastiki, akaiona roho ya chombo, pacha wa ile aliyoishika juani kwa heshima, imelala peke yake.

Afisa wa miwani hakungoja. Akabandika ukurasa wa gazeti ukutani, akasimama hatua tatu, akakoki, akafyatua. Gololi ikatoka bila haraka, ikaligonga gazeti, ikalikuta gumu, ikarudi, ikadunda mezani mara mbili na kuingia katika chupa yake ya chai. Majani yakazunguka. Watu wote waliitazama ile gololi ikishuka mpaka chini.

Basi Msabaha akaokoka. Aliokolewa na wizi wake: springi ile ingekuwa ndani, gazeti lingetoboka na yeye angelala kituoni. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuokoka akiwa na uso wa namna ile.

"Na zile thelathini na tisa?" mzee akauliza polepole.

"Zile zimepumzika, mzee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kiyama."

Mzee akamrukia, na polisi wawili wakapata kazi. Aliyemtuliza ni Bi Kazija. "Mzee, kaa! Nani kashona kifurushi hiki? Viatu vya mjukuu vyenye triga? Ulimtwisha mtoto wa mwenzio bastola ukijua ni bastola, ukasimama hapa unatazama saa. Kaa chini kabla sijalitafsiri na hilo."

Mzee akakaa.

Sheria ya pale kwa kosa dogo la namna hiyo ilikuwa kunyang'anywa kitu na kuandika barua ya kujuta. Mtu hueleza kosa lake lote kwa mkono wake, halafu anaweka dole gumba lenye wino mwekundu. Afisa akaleta karatasi. Bi Kazija akaleta karatasi ya kunakilia, kwa sababu mtu wa makontena hatembei bila nakala.

Msabaha akaandika kwamba alikosea kubeba kitu cha kuchezea kinachofanana na silaha, na kwamba anajuta. Akataka kutia dole.

"Bado," Bi Kazija akasema. "Afande anataka lote. Andika umezitoa wapi."

"Afande amesema hivyo?"

"Nimuulize?"

Akaandika. Aliandika boksi la Yide, rangi, nati, siku arobaini za mzazi, na springi. Aliandika pia kwamba si injinia, na kwamba reli ya chini ya ardhi aliiona kwa kupita. Bi Kazija akamsomea afisa kwa Kichina, kisha akawasomea foleni kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba. Foleni ilifurahi sana. Waliokwisha pita wakarudi kusikiliza.

Mifuko miwili ya shangazi kaja ikarudi mikononi mwa Mzee Abdulsalam. Akabaki amekaa juu ya mikoba yake arobaini, mmiliki halali wa bastola thelathini na tisa ambazo zisingeua hata nzi mgonjwa, akifikiria mlinzi wake aliye pekupeku. Afisa akaitia ile ya arobaini kwenye droo na kwenda kubadilisha chai.

Msabaha akasimama na tiketi mkononi. Hakuwa na kitu kingine. Alihisi aibu, ya kwanza tangu utotoni, na hakujua aiweke wapi.

"Dada Kazija," akasema, "nakala hiyo unaipeleka wapi?"

"Haiendi popote." Bi Kazija akaikunja, akaitia kifuani. "Wewe una kilo thelathini tupu, sivyo?"

Foleni nzima ikatazamana. Kisha ikaelewa, na ikamjia kwa pamoja. Walileta vifurushi kumi na saba. Kulikuwa na vipuri vya cherehani vya Mwanza, dawa za mtu wa Magomeni, miwani ya bibi mmoja wa Pemba, nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Kila kimoja kilishonwa, kila kimoja kilikuwa na jina. Bahasha ya kontena ikawa juu kabisa.

"Kila kikifika nitapigiwa simu," Bi Kazija akamwambia. "Simu kumi na nane. Zikija kumi na saba, barua hii inasomwa Ngamiani, barazani kwa mama yako, na nitamlipa msomaji mwenye sauti."

"Kumi na nane? Mbona naona vifurushi kumi na saba?"

"Bahasha ndiyo ya kumi na nane. Usinihesabie, mwanangu, nahesabu makontena." Kisha akanyoosha mkono kwa Mzee Abdulsalam. "Mzee, ujira wa mkalimani. Mkoba mmoja."

Mzee akasema tai gui. Akatazamwa. Akautoa, mweusi, wa ngozi halisi. Bi Kazija akageuka upande, akainama na kanga, sindano na ule uzi mwekundu uliobaki, na aliporudi alikuwa na kifurushi kilichoshonwa pande zote. Kilikuwa na jina: Bi Dalila, Ngamiani, Tanga.

Msabaha akakipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya uongo. "Dada, sijui niseme nini. Ndani ni mkoba?"

"Ndani ni mkoba," akasema Bi Kazija. "Au ni mkoba na nakala ya pili. Niliandikisha tatu. Ukikifungua njiani, mshono utamwambia mama yako."

Ndivyo Msabaha alivyoondoka Guangzhou na mali za watu, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Vifurushi vingine vilikwenda tumboni mwa ndege. Kile cha mama alikaa nacho magotini. Alikibonyeza upande huu, kikawa laini, akakibonyeza upande ule, kikatoa kamlio kadogo, ambako kalikuwa ka karatasi au ka ngozi mpya. Vidole vyake vilivyojua kufungua kila kitu duniani vikazunguka juu ya uzi mwekundu, vikaacha.

Mama mmoja wa Mombasa aliyekaa kiti cha pili akamtazama kwa muda.

"Umempelekea nini mama, mwanangu?"

"Sijui," akasema Msabaha, na alikuwa anasema kweli.